Mawese Kwenye Paji la Uso

Juzi nimemkabidhi Kasereka filimbi ya mazoezi, niliyoipuliza tangu nilipoacha kucheza, na sasa asubuhi sina pa kwenda. Mke wangu amechoka kuniona nyumbani. Ameniambia nikakae na wazee wenzangu, lakini wazee wenzangu wanaongea juu ya magonjwa tu, nami yangu yananitosha. Basi nimeamua kuandika. Nawaandikia ninyi washambuliaji mnaobaki pale gereji, mnaonicheka kwa sababu nawarusha chini ya mnyororo wa injini, na mnaouliza kila mara kwa nini wanawake wa soko la Iga Barrière hututazama paji la uso kabla hawajatusalimu. Jibu lipo, ila linaanzia mbali kidogo.

Nilifika Bunia mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea kwetu upande wa Djugu, kwenye mashamba ya maharage na viazi. Nilitafuta kazi yoyote. Gereji ya malori ilikuwa ya Muzee Paluku, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na familia yake yote, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Kama gereji na kampuni nyingi za wakati ule, ilikuwa na timu ya mpira ya wafanyakazi wake. Aliponiona nimesimama mlangoni, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kichwa changu, kwa sababu kilikuwa kinakaribia kugusa mti wa juu.

"Weye uko murefu," alisema. "Unajua mupira?"

"Kidogo, Muzee."

"Na motere?"

"Hata kidogo, Muzee."

"Bon, vizuri. Motere utajifunza."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, bila kujua injini. Watu wa siku hizi wakiniambia mpira si kazi, nawaambia kwangu mimi ufundi ndio haukuwa kazi. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kufungua injini nikaifunga bila kubakiza kitu mkononi.

Walinikabidhi kwa Lobo. Alikuwa fundi wa breki, na Jumapili alikuwa nimero nefu, yaani mshambuliaji wa kati mwenye jezi ya tisa. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye kovu dogo kwenye mstari wa nywele. Siku ya kwanza alichukua chemba ya gurudumu, ule mpira wa ndani wa tairi, iliyochakaa, akaijaza matambara, akaifunga kwenye ule mnyororo wa kuinulia injini, kisha akaivuta juu mpaka nisiweze kuifikia.

"Ruka," alisema.

Niliruka nikafumba macho. Chemba ilinigonga puani.

"Ukifunga macho, yenyewe njo itakupiga. Ukifungua, weye njo utaipiga. Ruka tena."

Wateja waliokuja kuchukua malori yao walisimama kunitazama. Mmoja akauliza kama mimi ni mgonjwa. Lobo akamjibu kwamba bado, ila tunajaribu. Niliruka mpaka shingo ikakataa kugeuka, na kesho yake nikaruka tena. Kila chemba nilipoizoea, aliupandisha mnyororo.

Somo lake la pili lilikuwa la macho. Mimi nilikuwa nafuata mpira kama mbuzi anavyofuata majani, naye hilo lilimkera sana.

"Mutoto, acha kuangalia mupira peke yake. Mupira iko nakuja tu, hapana potea. Angalia miguu ya ule mutu nakulinda. Akiinua kisigino, amekwisha kuamua. Njo weye uanze."

Hilo nawaachia hivyohivyo, sina la kuongeza. Beki akiinua kisigino ameshaamua, na mtu aliyeshaamua hawezi kubadilika tena mpaka arudi chini. Nimeishi kwa kisigino cha watu wengine tangu siku ile.

Sasa mawese. Ninyi mnacheza na mipira isiyokunywa maji, hamjui raha yenu. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi, wa zamani, umeshonwa vipande, na mdomo wake ulifungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha, ulikunywa maji mpaka ukawa mzito kama boga, na kamba ile ikikupata vibaya ilikuchana ngozi. Kovu la Lobo lilitoka hapo. Ngozi ilihitaji mafuta, na mafundi wa kabla yangu walifanya kosa ambalo mafundi tu wangeweza kulifanya: waliupaka mpira grisi ya magurudumu. Waliupaka vizuri, kama wanavyopaka kila kitu. Wakaenda nao Iga Barrière. Nasikia mchezo ule uliisha kwa timu zote mbili kuukimbia mpira, na kipa wetu alifungwa mara kadhaa akiwa ameudaka kabisa.

Ndipo Lobo akaenda jikoni kwa mke wake, akarudi na mawese ndani ya kopo la maziwa. Yalifaa. Ngozi ililainika, maji hayakuingia, macho hayakuwasha. Kitu kimoja tu: kila aliyeupiga mpira kwa kichwa alibaki na alama nyekundu usoni, rangi ile ya mchuzi wa sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, na haikutoka kwa kufuta na mkono. Mwanzoni walicheka. Baadaye ikawa desturi. Jumamosi jioni nimero nefu mwenyewe, si mwingine, aliketi mlangoni pa gereji akaupaka mpira kwa kitambaa, akifuata mshono mmoja mmoja. Kopo lilikuwa lake. Na baada ya mchezo hakuna aliyenawa uso mpaka tumefika Bunia.

Lori letu likirudi lilisimama Iga Barrière, kwenye njia panda, ndizi zinunuliwe. Wanawake wa soko hawakuuliza matokeo. Walipanda kwenye ngazi ya lori wakatazama nyuso, halafu wakapiga vigelegele kwa yule mwenye paji jekundu. Muzee Paluku naye alitazama. Jumapili alikuwa kanisani, hakusafiri nasi hata mara moja, na hakuamini habari za mchezo alizosimuliwa na wachezaji. Alitungoja uani, tukashuka, akatupitia mmoja baada ya mwingine kama anayekagua matairi. Mshambuliaji wa kati akiwa na paji jekundu, alikuwa amefanya kazi. Akiwa na paji tupu, maelezo yake hayakusikilizwa.

Lobo alinipa kopo hivi. Jumapili kadhaa zilipita akirudi na paji tupu, mimi nikiwa winga naona yote. Jumamosi moja nilikuwa nimekaa nakula mkate. Alitoka chini ya lori, akaliweka kopo mapajani mwangu, akarudi chini ya lori. Nilisikia nyundo yake ikiendelea kwenye breki kama kawaida. Nami nilifurahi mno kiasi kwamba nilidhani yeye hakuumia.

Mwaka uleule nilioa. Mke wangu, ambaye tangu mtoto wetu wa kwanza tunamwita Mama Furaha, alikuja na foronya moja nyeupe aliyoidarizi mwenyewe kwa wasichana wa misheni, ndege wawili wanaotazamana. Niliilalia mara moja, siku niliyotoka kucheza Djugu. Niliunawa uso kwa sabuni, naapa, lakini mawese yana ukaidi wake. Asubuhi ndege mmoja alikuwa mwekundu. Mama Furaha alitumia sabuni, majivu na jua la siku kadhaa mpaka ndege akarudi karibu na weupe wake. Kisha akaikunja foronya akaiweka ndani ya sanduku, chini kabisa.

"Sasa nitalalia nini?" nilimwuliza.

"Weye uko naleta jikoni kwa kitanda. Basi lala na vitu ya jikoni."

Akanishonea mto wa gunia la unga. Niliulalia kwa muda wote niliocheza. Maandishi ya kinu yalikuwa upande wa shavu, na mafundi wenzangu walidai wanaweza kuyasoma asubuhi.

Viwanja vya kazi yetu nitavitaja kwa ufupi. Cha Djugu kilikuwa shamba zamani, na matuta yake yalikuwa hayajafa vizuri; mpira ulidunda pale ulipotaka. Cha Iga Barrière kilikuwa kando ya barabara, abiria walishuka kwenye malori yao wakatoa ushauri kisha wakaondoka bila kungoja kuona kama ulifaa. Kigumu kuliko vyote kilikuwa cha Bambu, kwa wachimba dhahabu, kwa sababu ya Ngabu.

Ngabu alikuwa beki wao wa kati. Mgodini kazi yake ilikuwa kusimamisha miti inayozuia udongo usiwaangukie watu, na uwanjani alisimama hivyohivyo. Hakupiga mtu teke, hakutukana. Alikuwekea tu kiganja kiunoni, taratibu, kama mtu anayepima ukuta, na ulipotaka kuruka ulikuta yeye amekwisha kufika juu. Na kisigino chake hakikuinuka kabla ya wakati! Nilimlalamikia Lobo. Akaniambia huyo nimpe heshima na nimhamishe: nimvute mbali na lango kipindi kizima mpaka achoke kunifuata, halafu nirudi mbio. Ilifaa mara nyingine, mara nyingine haikufaa. Kabla ya mchezo mimi na Ngabu tulikula karanga pamoja nyuma ya lango, tukaulizana habari za watoto, kisha tukaenda kugombana hewani mpaka jioni. Miaka ilipita hivyo, na sijui kama nimekuwa na rafiki mwingine niliyemwona kwa karibu namna ile.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini goti la kushoto lilianza kunikatalia. Asubuhi lilikuwa zuri, likiniahidi kila kitu. Kipindi cha pili lilisahau. Wakati huohuo alikuja Kasereka, kijana wa Butembo, jamaa ya Muzee kwa mbali, fundi kweli wa injini na mrukaji kuliko mimi nilivyokuwa wakati wowote. Kilichoniudhi zaidi ni adabu yake. Alinibebea viatu. Aliniita Yaya, kaka mkubwa, hata pale nilipomfokea bila sababu. Nilimfundisha chini ya mnyororo kama Lobo alivyonifundisha, na kila nilipoupandisha mnyororo aliufikia, nami nikaenda kulala nikiwa na hasira.

Jumapili zangu zikaanza kuwa nyeupe, paji tupu. Wiki ya mchezo wa mwisho wa msimu, Bambu, ambao mshindi wake angechukua kombe, Muzee Paluku aliniita uani.

"Nimengojea," alisema. "Jumapili nitaangalia tena. Ukirudia na mawese, kopo inabakia kwako na musimu ingine. Ukirudia bule, unapatia Kasereka."

"Muzee, na miye nitafanya nini?"

"Kazi iko. Matairi iko."

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu ninyi mtaogopa vilevile siku yenu. Mjini Bunia nilikuwa nimero nefu. Sokoni, kanisani, hata kwa kinyozi. Bila kopo lile nilikuwa mtu mrefu anayefungua matairi. Jumamosi niliupaka mpira mpaka Mama Furaha akauliza kama naupika.

Kulikuwa na mvua ya asubuhi Bambu. Wakati ule kila timu ilileta mpira wake: kipindi cha kwanza tulicheza na wa wenyeji, cha pili na wetu. Kipindi cha pili kilipoanza tulikuwa bila bila, na mpira wetu ukang'aa kama andazi. Ngabu aliupiga wa kwanza, paji lake likawa jekundu. Akaupiga wa pili. Kila uliokuja juu alinitangulia, kiganja chake kiunoni mwangu, na mimi nilibaki nikitazama mawese yangu mwenyewe yakimpamba mtu mwingine.

Karibu na mwisho tulipata kona. Mpira ulitoka kushoto, wa juu, unakuja vizuri kabisa. Niliona kisigino cha Ngabu kikiinuka, mara ya kwanza katika maisha yangu kuona kikiinuka mapema. Nikaanza. Kichwa kilianza, mikono ikaanza, goti likabaki chini, nami nikabaki nalo. Mpira ulinipita juu ya nywele, ukamgonga Ngabu ambaye alikuwa tayari anashuka, ukaingia golini.

"Mukono! Mukono!" watu wa Bambu walipiga kelele, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado hewani.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Djugu, mtu asiye na haraka. Alikuja, uwanja mzima ukamfuata.

"Onyesha mikono."

Nilionyesha. Ilikuwa na matope tu.

"Inamisha kichwa."

Niliinama mbele ya watu wote. Udongo wa Bambu ni mwekundu nao, kwa hiyo aliinamisha pua yake akaninusa. "Hii iko nanuka jasho tu," alisema. Kisha akamgeukia Ngabu. Paji lake lilikuwa jekundu tangu mwanzo, lakini juu ya sikio la kulia palikuwa na alama mpya, inang'aa. Mwamuzi akapitisha kidole hapo, akanusa.

"Mawese."

"Arbitre, miye niliikimbia," Ngabu alisema kwa huzuni. "Yenyewe njo ilinifuata."

Goli likahesabiwa, watu wakacheka mpaka wa Bambu wenyewe, na tukashinda kombe. Wenzangu walinibeba mabegani. Nilibebwa nikiwa na paji tupu kama sahani iliyooshwa.

Ngabu alinikuta karibu na lori. Sikio lake alikuwa hajalifuta. "Leo hukuruka," alisema.

"Goti."

"Miye pia. Njo maana nilishuka mbio." Akanimiminia karanga zake zote mkononi.

Ndani ya lori waliimba mpaka tulipotoka Bambu, halafu nyimbo zikapungua. Wote walijua neno la Muzee. Kipa wetu, Dheda, mtu wa kelele siku zote, alikuja polepole akachuchumaa mbele yangu na kopo limefunguliwa.

"Leta kichwa, Yaya. Kidogo tu. Muzee alikuwa kanisani, ataona nini? Goli iko, kombe iko."

Nilimtazama Kasereka. Alikuwa ameketi kwenye gurudumu la akiba, anatazama viatu vyangu alivyovishika.

"Yaya, pakaa," alisema. "Miye niko nangojea. Musimu moja hapana kitu."

Nilitamani. Sitawadanganya, nilitamani mpaka mate yakanijaa. Kama angenyamaza, au kama angenitazama kwa jicho la mtu anayetaka, ningejipaka kichwa kizima. Lakini kijana yule alikuwa anasema kweli, angengoja, na angenibebea viatu huku anangoja. Nikamwambia Dheda afunge kopo asije akamwaga, mawese ni chakula.

Iga Barrière wanawake walipanda ngazi kama kawaida, wakatazama. Vigelegele vilianza vikakwama.

"Nimero nefu," mmoja aliuliza, muuza ndizi aliyenijua tangu ujana, "leo uligonjwa?"

"Hapana, Mama. Tumeshinda."

"Na nani alipiga?"

"Sikio ya Ngabu."

Hakuelewa, lakini alinipa ndizi.

Bunia, uani, tulijipanga. Muzee Paluku alipokea kombe, akalikabidhi kwa mlinzi bila kulitazama, akaanza kupita. Alipofika kwangu alisimama. Nadhani alitaka kusema kitu, na kwa mtu kama yeye hilo tu lilikuwa hotuba.

"Bon," alisema.

Sikungoja Jumamosi. Nilimfuata Kasereka nikaliweka kopo mikononi mwake juu ya viatu vyangu, na sasa nilijua kwa nini Lobo alirudi upesi chini ya lori. Kilikuwa kitu kinachouma kama jino. Lobo mwenyewe, mzee tayari, alikuwa amesimama penye mlango wa gereji. Alinishika shingo kwa nyuma, akaitikisa kidogo, akaenda zake.

Nilitembea nyumbani peke yangu. Mama Furaha alikuwa anachambua mchele mlangoni. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kuniona uso wote, kama wanawake wa Iga Barrière, kama Muzee, kama kila mtu aliyenitazama miaka ile.

"Mumeshindwa?"

"Tumeshinda. Kopo iko kwa Kasereka."

Aliweka ungo chini. Alinipita akaingia ndani, nikasikia sanduku likiburutwa, vitu vikitolewa kimoja kimoja mpaka chini. Nilipoingia, gunia la unga lilikuwa sakafuni na foronya ya ndege wawili ilikuwa kitandani, imekunjuka, mistari ya kukunjwa bado ikionekana.

"Baba Furaha," alisema, "leo umerudia na kichwa yako."

Nilisimama pale nikalia, jambo ambalo sikulifanya uwanjani wala kwenye lori. Halafu nikaenda nje kwenye karai, nikakinawa kichwa kile kisichokuwa na kitu, kwa sabuni, mara mbili.